Jibu la Odete

Nina miaka sabini na mbili, na kila nikienda kupimwa daktari huniambia nina moyo wa mwanamke wa hamsini. Anasema kwa kunisifu. Mimi huinamisha kichwa nikafunga vifungo vya blauzi, kwa sababu namkumbuka mwenzangu ambaye hamsini na nane hakuivuka.

Jina lake Odete. Tulizaliwa mwaka mmoja, katika kisiwa kimoja cha São Miguel, vijiji viwili vinavyosikia kengele moja ya kanisa, lakini tulikuja kujuana ng'ambo ya bahari, katika mji wa viwanda wa Hamilton, chini ya ardhi, katika chumba cha kufulia cha hospitali. Yeye alinitangulia miaka miwili. Siku yangu ya kwanza alinishika mkono akanipeleka kwenye mashine kubwa ya kupigia pasi mashuka. Ilikuwa na mapipa marefu ya chuma yenye moto ndani. Wanawake wawili huiingizia shuka upande huu, wawili hulipokea upande wa pili.

"Ukiona pindo limejikunja, liache lipite," aliniambia. "Shuka hurudiwa. Kidole hakirudiwi."

Odete aliijua ile mashine kama mtu anavyomjua ng'ombe wake. Angesimama katikati ya mvuke na kelele, atege sikio, aseme, "Mkanda wa kushoto unalia." Kabla ya saa sita mkanda umekatika. Wanawake wakigombana, na tulikuwa tukigombana sana, maana joto lile linamtoa mtu utu wake, yeye ndiye aliyetupatanisha. Hakuwa na cheo chochote. Tulimsikiliza tu.

Mwaka 1979 msimamizi wetu alistaafu. Meneja wakati ule alikuwa Bwana Haddow, Mskoti mrefu mwenye kukohoa kohoa. Alisikia kwamba wanawake wanamtaka Odete, akamwita ofisini amuulize maswali. Kiingereza cha Odete kilikuwa cha dukani na cha kwenye basi, basi nikaitwa na mimi, nitafsiri.

Tuliketi mbele ya meza yake, Odete amevua kitambaa cha kichwani na kukikunja mapajani.

"Muulize," akasema Bwana Haddow, "mashine imesimama, chumba cha upasuaji kinasubiri mashuka, na wanawake wanne wanagombana. Atafanya nini?"

Odete hakufikiri sana. "Mwambie kwanza nazima umeme, mtu asiumie. Wawili nawapeleka kukunja taulo, wawili nawapeleka kupakia mikokoteni. Wakishakaa mbalimbali, ugomvi unakosa kuni. Halafu namwita fundi. Na kule kwenye upasuaji nawapigia simu nawaambia ukweli, watapata nusu sasa na nusu saa nane. Mtu akishajua saa, hasira inampungua."

Nikamgeukia Bwana Haddow. Nikasema, "Anasema angekuita wewe, bwana."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema vile. Sikuwa nimepanga. Niliingia mle nikiwa mkalimani na rafiki. Lakini alipokuwa akizungumza nilimwona ameshakaa katika kile kijumba cha vioo cha msimamizi, ananitazama chini huku mimi nasukuma mashuka, na nikaona kwamba anakistahili, na hicho ndicho kilichoniuma. Ni hivyo tu. Sina sababu nyingine ya kuwapeni.

Aliulizwa maswali mengine mawili. Alijibu kwa mapana, kwa mikono, kwa mifano. Mimi nikatoa sentensi fupi fupi. Odete akanitazama.

"Maneno yangu yote yale, kwa Kiingereza ndiyo hayo tu?"

"Kiingereza ni lugha fupi, shoga."

Akacheka.

Tulipoinuka, Bwana Haddow akaniambia nibaki. Odete akatoka. Yule bwana akakohoa, akasema, "Ni mwanamke mwema. Lakini mtu wa kuniita kila saa atanisaidia nini? Hebu wewe. Ungefanya nini?"

Nikamjibu. Nilianza na umeme.

Odete alikuwa akinisubiri kwenye korido, amejifunga kitambaa chake tena. "Nimejibu vizuri?"

"Umejibu vizuri."

Ijumaa ile Bwana Haddow alitangaza jina langu, Idalina, mbele ya wote. Wa kwanza kunikumbatia alikuwa Odete. Jumatatu alileta mkate mtamu aliouoka mwenyewe, akaukata vipande kwa ajili ya kila mtu. Mmoja wa wanawake akasema, "Haya, aliye juu mngojeni chini," wakacheka wote, na Odete akamwambia, "Wewe utangoja mpaka uote mizizi. Huyu hashuki." Alisema kwa fahari, kama vile aliyepanda ni yeye.

Hakukosea, sikushuka. Baada ya miaka sita nikawa msaidizi wa meneja, na Bwana Haddow alipoondoka nikaketi kwenye kiti chake. Mimi na marehemu mume wangu tukahamia Mlimani, kwenye nyumba yenye hewa, ambako dirishani unaona mapaa ya mji wa chini na moshi wa viwanda vya chuma. Theluji ikizidi, nilifika kazini saa tatu, hakuna aliyeniuliza. Kichwa kikiniuma, nilifunga mlango nikanyamaza nusu saa. Presha yangu ilipanda nilipotimiza miaka hamsini. Muuguzi mmoja wa ghorofa ya tatu, tuliyekuwa tukinywa chai pamoja, aliigundua wakati wa chakula cha mchana, na kabla ya wiki kwisha nilikuwa nameza vidonge.

Odete alibaki kwenye mashine. Alikuwa akipanda basi saa kumi na moja alfajiri. Akitaka kumwona daktari, ilimpasa apoteze siku nzima, na kwanza alete karatasi nitie sahihi. Mara zote alizoleta nilitia. Alileta mara chache. Bado tulisalimiana "shoga," bado nilikwenda kwake Pasaka. Lakini chakula cha mchana nilikuwa nakula juu, na wakubwa wenzangu.

Alikufa Machi 1999. Alikuwa ameketi kitandani akifunga kamba za viatu ili aende kazini. Kiharusi. Mumewe, Belmiro, alidhani ameinama kutafuta kitu. Kanisani nililia kuliko ndugu zake, na watu wakanisifu: mnaona, mkubwa mzima, anavyomlilia mfanyakazi wake.

Yale niliyoyafanya mwaka 1979 sikumwambia mtu, hata mume wangu. Nilijizoeza kuyaita jambo dogo. Nilijiambia, Odete asingeiweza ile kazi ya makaratasi. Nilijiambia, kila mtu na riziki yake. Mwongo hodari hujidanganya mwenyewe kwanza.

Kisha mwaka huu, mwezi Februari, akanipigia simu msichana wa chuo kikuu anayeitwa Tamsin. Alikuwa na orodha ya watu waliofanya kazi katika hospitali ile zamani, kuanzia madaktari wa upasuaji mpaka wafagiaji, na alitaka kuja kuniuliza maswali. Alikuja na kompyuta yake, nikamtengea kahawa na biskuti. Akauliza nilifanya kazi gani, miaka mingapi, naumwa nini, navuta sigara au la. Akauliza nilipataje cheo changu cha kwanza.

"Nilihojiwa," nikasema. Akaandika.

Tulipomaliza nikamuuliza yote hayo ni ya nini.

"Tunataka kujua watu wameishi muda gani," akasema. "Unajua, ni kama ngazi, mama. Wa chini wanakufa mapema kuliko wa kati, na wa kati mapema kuliko wa juu. Hapa watu wote walikuwa na mshahara, wote walikuwa na madaktari jengo hilohilo. Hakuna aliyelala njaa. Na bado ni ngazi."

"Kwa sababu gani? Sigara? Vyakula?"

"Hivyo vimo, lakini havitoshi. Inaonekana ni kule kukaa maisha yako yote ukipangiwa na mtu. Saa ya kula, saa ya kupumzika. Mwili unachoka na hilo."

Nikauliza kama wafu nao wanahesabiwa. Akasema ndiyo, wao hasa. Nikamtajia jina la Odete. Akapekua, akalipata: mwendesha mashine, miaka ishirini na minane, amefariki akiwa na hamsini na nane.

"Angekuwa msimamizi," nikasema, "angekuwa hai?"

Tamsin alinitazama kwa huruma, akidhani namlilia rafiki. "Hilo siwezi kukuambia. Hesabu hizi ni za watu wengi. Mtu mmoja hazimjui."

Alipoondoka nilikaa na vikombe mezani mpaka kahawa ikapoa. Kama angeniambia ndiyo, ningejua nimeua. Kama angeniambia hapana, ningepumua. Aliniacha katikati, na katikati hapakaliki.

Nilivumilia mpaka Aprili, kisha nikashuka mji wa chini kwa Belmiro. Bado anakaa nyumba ileile nyuma ya mtaa wa Barton. Nilimkuta uani, ana miaka sabini na sita, anapogoa mizabibu yake amevaa kofia ya sufu.

"Shemeji," akasema, "leo Mlimani kumekosa nini hata umetukumbuka?"

"Nimekuja na maneno, shemeji."

"Maneno hayazuii kazi. Sema."

Nikasema. Nilimwambia swali la Bwana Haddow, na jibu la Odete lote, maana nalikumbuka neno kwa neno, na lile nililolisema mimi. Nikamwambia kwamba nilipobaki peke yangu nililitoa jibu lake kama langu. Belmiro aliendelea kukata vitawi, kimoja, kingine, mpaka nilipofika hapo, mkono ukasimama.

"Siku ile alirudi anaimba," akasema. "Akaniambia, nimejibu vizuri, Idalina mwenyewe kaniambia. Ijumaa jina lilipotoka, akasema yule Mskoti hatupendi watu wa visiwani. Nikamuuliza, mbona Idalina kampenda, si wa visiwani? Akanikasirikia. Akaniambia nisimwonee wivu rafiki yake."

Nikaegemea ukuta wa uani.

"Kwa hiyo hakujua," nikasema.

"Hakujua. Umefurahi?"

"Sikuja kufurahi, shemeji."

"Ulikuja kufanya nini?"

Nikamweleza habari ya Tamsin, na ngazi, na kwamba watu wa chini wanakufa mapema. Alisikiliza akiwa amekunja uso. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Kwenye hizo hesabu zake, maji yamo?"

"Maji gani?"

"Alikuwa akirudi nyumbani, hata koti hajavua, anasimama kwenye sinki anakunywa bilauri tatu. Moja juu ya nyingine. Siku zote, miaka na miaka. Nikamuuliza, huko kazini kwenu hamna maji? Akasema, maji yapo, ila ukinywa utakwenda chooni, na ukienda chooni lazima uandike."

Sijalitaja daftari mpaka hapa. Ningependa kusema nilikuwa nimelisahau. Mwaka 1988 wakubwa walitaka kujua dakika zinapotelea wapi, na mimi ndiye niliyependekeza daftari. Nililitundika kwa uzi kando ya mlango. Kila anayekwenda chooni aandike jina, saa ya kutoka, saa ya kurudi. Lilikaa pale miaka kumi na moja. Kila Ijumaa nililisoma. Odete, mwenye mwandiko wa polepole kama mtoto wa darasa la pili, jina lake lilikuwamo mara moja kwa siku, na siku nyingine halimo kabisa. Katika joto lile. Nami niliwahi kusimama mbele ya wanawake wote na kulionyesha daftari lile, nikasema, "Mwigeni Odete."

Nilimwambia Belmiro hilo pia. Sikuona sababu ya kubakiza.

Aliweka mkasi juu ya ukuta.

"Sasa mimi nifanye nini na haya?" akasema. "Nina miaka sabini na sita. Nilikuwa na mke aliyekufa kwa sababu Mungu alimwita, na nilishazoea. Leo umekuja na gunia lako, umelitua hapa uani kwangu, halafu upande zako Mlimani mikono mitupu, mgongo mwepesi."

"Nisamehe, Belmiro."

"Sikusamehe. Labda baadaye, sijui. Leo hapana." Akaokota kitawi akakitupa kwenye rundo. "Na Lucinda utamwambia wewe mwenyewe. Mimi sitakuwa mkalimani wako."

Lucinda ni binti yao wa pekee. Ana miaka arobaini na saba, na anafagia wodi katika hospitali ileile, ila sasa wafagiaji wameajiriwa na kampuni ya nje. Nilimsimamia alipopata kipaimara. Tangu akiwa mtoto ameniita mama mdogo. Nilikwenda kwake Jumapili, baada ya misa, akanipa kiti jikoni na kuendelea kumenya viazi vya supu.

Safari hii nilisema haraka zaidi. Nilianza na daftari, nikarudi nyuma mpaka ofisini kwa Bwana Haddow. Lucinda hakunikatiza. Alimaliza viazi, akaosha kisu, akakaa mbele yangu.

"Mama alikwenda shule ya jioni," akasema. "Unajua hilo? Mwaka ule ule. Baridi mbili mfululizo, anatoka kazini miguu imevimba kama mikate, anakula kasimama, anakwenda kujifunza Kiingereza. Alidhani kilichomkosesha ni Kiingereza."

"Sikujua."

"Ungejuaje? Ulikuwa huji ila Pasaka."

"Ndiyo."

"Ungenyamaza, ungepungukiwa nini?"

Nilitafuta jibu la kweli. "Nisingepungukiwa na kitu," nikasema. "Nimenyamaza miaka thelathini na minne na sikupungukiwa. Ndiyo maana nimesema."

Akanitazama sana. Nadhani alikuwa akitafuta matusi, na Lucinda si mtu wa kuyakosa. Lakini alipofungua mdomo, aliuliza kitu kingine.

"Una gari bado?"

"Ninalo."

"Nina presha. Ya mama, daktari anasema. Wanataka niende kila baada ya miezi miwili, na msimamizi wangu kaniambia nikikosekana zaidi ya muda wa saa mbili, mshahara wa siku yote unakatwa. Kwenda basi mbili, kurudi basi mbili. Mara ya mwisho sikwenda. Na ya kabla yake pia."

"Nitakupeleka."

"Sijamaliza. Usinilipie kitu. Usiniletee keki. Usiniambie habari za mama njiani, za mama nazijua mimi. Unifikishe, unirudishe, basi."

"Sawa."

"Na usidhani ni msamaha. Ni gari tu."

"Najua, Lucinda."

Wiki ile nilimpigia Tamsin, nikamwambia pale alipoandika nilihojiwa, abadilishe. Nikamweleza. Akasema kwa upole kwamba hana mahali pa kuandika jambo kama lile, lakini ataweka maelezo pembeni. Sijui kama aliyaweka.

Mpaka leo nimempeleka Lucinda mara tatu. Mara ya kwanza aliketi kiti cha nyuma, kama mtu aliyekodi teksi, nami nikaendesha nikimwona kwenye kioo akitazama nje. Mara ya pili pia. Mara ya tatu ilikuwa mvua, kiti cha nyuma kilikuwa na mifuko ya mbolea ya bustani, akakaa mbele. Hatukuzungumza, ila karibu na reli aliniambia, "Hapa kata kushoto, kule kuna matengenezo," nikakata kushoto. Mama mdogo haniiti tena. Haniiti chochote.

Belmiro sijamwona tena. Nilipeleka mkate wakati wa sikukuu ya Roho Mtakatifu, nikaukuta kesho yake kanisani kwenye meza ya maskini, bado umo ndani ya kitambaa changu.

Mara hiyo ya tatu, tulipofika kliniki, Lucinda alivua koti lake lililolowa akatafuta pa kulitundika. Misumari yote ilikuwa imejaa. Muuguzi akatoka na karatasi, akaita jina lake, akaniona nimesimama kando yake.

"Mama huyu ni ndugu yako?" akamuuliza. "Anaweza kuingia nawe, kama unapenda."

"Hapana," Lucinda akasema. "Huyu alikuwa bosi wa mama yangu."

Muuguzi akatabasamu, akasema ni vizuri watu wa kazini wakikumbukana. Lucinda akanipa koti, kwa kuwa lazima mtu alishike, akaingia ndani, mlango ukafungwa. Nilikaa na koti lile mapajani dakika arobaini. Lilikuwa zito kwa maji na lilikuwa likinilowesha magoti, nikaliacha hivyohivyo. Alipotoka alisema vidonge vimeongezwa, na daktari kampa tarehe ya Novemba.

"Tarehe ngapi?" nikauliza.

"Kumi na tatu. Saa nne. Usichelewe."